Shaba Iliyong'arishwa kwa Ajili Yangu

Vijana wa karakana, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, nyama choma na ombi. Saa nimeitundika, nyama mnajua wenyewe nani aliila, na ombi ndilo hili ninalolijibu sasa. Mlitaka kurasa mbili za maelekezo ya kuishi na kamera ya joto. Mtanisamehe. Mtu akistaafu haraka zinamtoka. Nitaanza mwanzo, na maelekezo mtayaokota njiani.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipandishwa mara chache, na kila mara nilipewa kazi ileile na ufunguo mmoja zaidi.

Nilitoka Awasi kuja Kisumu na cheti cha ufundi wa stima ambacho mama alikuwa amekilaza ndani ya Biblia ili kisikunjike. Kazi ya kwanza niliipata kwenye kiwanda kimoja kando ya ziwa, cha kukata minofu ya samaki wa mbuta. Fundi mkuu wa stima pale alikuwa Mzee Odera, mtu wa Dunga, mwembamba, mwenye koti la bluu lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni. Siku hiyo ya kwanza alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Unaitwa nani?"

"Awuor."

"Wa wapi?"

"Awasi."

"Basi wewe ni Nyar Awasi," akasema, yaani binti wa Awasi, na hilo ndilo likawa jina langu pale. "Toa saa. Toa bangili. Hapa ndani chuma kwa mkono ni adui."

Akanipeleka chumba cha swichi na kunifungulia kabati kuu. Ndani yake mlikuwa na baa za shaba, vipande virefu na vipana kama rula ya mwalimu, vilivyobeba stima yote ya kiwanda: ya kompresa za barafu, ya pampu, ya taa, hata ya birika la meneja. Pale baa zinapoungana hufungwa kwa boliti na nati, na ugonjwa wote huanzia kwenye maungio. Ungio likiharibika, stima hupita kwa shida, na shida hiyo hutoka kama joto. Joto nalo huliharibu ungio zaidi. Moto wa kiwanda huzaliwa hivyo, polepole, bila kelele, huku watu wakinywa chai chumba cha pili.

Mzee Odera aliupima ugonjwa huo kwa mshumaa. Alikuwa na fito refu la mbao kavu lililopakwa vanishi, na nchani alifunga kipande cha mshumaa mweupe. Kila Jumamosi aligusa maungio moja moja kwa nta, akihesabu kwa midomo. Nta ikikaa ngumu, ungio ni zima. Ikilainika, aliandika daftarini. Ikichuruzika, alizima stima kwanza na kuandika baadaye. Msijaribu. Siku hizi mtafukuzwa, na mtakuwa mmestahili.

Alipima kwa pua pia. Alinifundisha kwamba plastiki ya waya, kabla haijaungua, hunuka kama samaki aliyesahauliwa. Katika kiwanda cha samaki, maarifa hayo hayakunisaidia sana. Lakini yeye alikuwa anatofautisha, na miaka minne niliyokaa chini yake sikumwona akikosea. Alikuwa na majivuno mamoja tu maishani, na aliyarudia kila mgeni alipokuja: hakuna ungio lililowahi kuungua chini ya mkono wake.

Kisha akaja Bwana Njoroge. Huyu alikuwa ametoka Nyeri miaka mingi nyuma na kufungua duka la vifaa vya stima mjini, nyuma yake karakana. Alikuwa amepata kamera kuukuu ya joto kwenye mnada wa vyombo vya kampuni iliyofungwa, akawa anatafuta fundi asiyeogopa kupanda ngazi. Nilipomuaga Mzee Odera, alinipa mkono bila kuondoa macho kwenye mita yake.

"Nenda," akasema. "Lakini usikuje kurudi hapa kunifundisha."

Kamera ile ya kwanza ilikuwa nzito kama mbuzi. Ilikuwa na jicho moja tu la kuhisi joto, na mbele ya jicho hilo vioo vidogo vilizunguka ili liione dunia nukta kwa nukta, kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Tena jicho lenyewe lilitaka kuwa baridi kupita kiasi, kwa sababu jicho lenye joto lake halioni joto la mwenzake. Lilipozwa kwa naitrojeni ya maji, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, na Kisumu nzima mimi nilijua mahali pamoja pa kuipata: kwa maafisa wa mifugo, waliohifadhi humo mbegu za madume ya kupandishia ng'ombe.

Karani wa pale alikuwa mtu wa utaratibu. Mara ya kwanza alinitolea fomu.

"Ng'ombe ngapi?"

"Sina ng'ombe. Niko na kamera."

Alinitazama, akatazama fomu, akaandika: ng'ombe mmoja. Kwa miaka yote niliyochukua naitrojeni, kwenye vitabu vyao kamera yetu ilikuwa ng'ombe asiyeshika mimba.

Mtungi wenyewe ulikuwa wa alumini, unaotoa moshi mweupe mdomoni, na wakulima waliujua toka mbali. Nikiubeba nyuma ya pikapu kwenda viwanda vya sukari, nilisimamishwa njiani na watu wenye ng'ombe waliokuwa tayari kupandishwa. Mama mmoja karibu na Awasi alikataa kabisa kuamini kwamba nilikuwa naenda kupiga picha kinu. Alisema mtu wa serikali akianza kudanganya, hata uso wake hubadilika. Niliondoka pale nimelaaniwa mimi na ukoo wangu, na mpaka leo naikumbuka safari ile nikicheka peke yangu jikoni. Zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa na magoti mapya na sikujua.

Baadaye Bwana Njoroge akaleta kamera mpya, ile ambayo wengine wenu mmeiona kabatini. Hiyo haikunywa kitu chochote. Badala ya jicho moja ilikuwa na maelfu, yamepangwa safu kwa safu kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kila jicho ni kibao chembamba kilichoinuliwa juu ya miguu miwili. Joto linalotoka kwenye kitu unachokitazama hukifikia, kibao kinapata moto kidogo sana, na stima inayopita ndani yake hubadilika. Mashine husoma mabadiliko ya kila kibao na kuyapaka rangi: baridi bluu, moto nyekundu, moto zaidi nyeupe. Kila baada ya dakika chache ndani hulia "tak". Msishtuke. Ni kipazia kinashuka mbele ya macho yote ili yatazame kitu kimoja na kukubaliana. Natamani vikao vyetu vingekuwa nacho.

Macho mengine hufa. Kila kamera hutoka kiwandani na machache yaliyokufa, na mashine huyaficha kwa kuazima habari kutoka kwa majirani, kama tunavyoazimana chumvi kwenye ploti za nyumba za kupanga. Picha hutoka nzima, huna habari. Mlijue hilo, kisha msahau, maana mkilifikiria kila siku hamtafanya kazi.

Nilizunguka na kamera hiyo pande zote za ziwa. Nilitafuta bearingi zilizochemka kwenye vinu vya sukari, matundu ya baridi kwenye vyumba vya barafu, na friji ya chanjo ya zahanati moja ambayo mpira wa mlango ulikuwa umeliwa na panya. Niliitwa kuangalia tanuri za matofali. Mzee mmoja wa Manyatta aliniomba nipige picha ukuta wa jirani yake nione kama mbuzi wake yumo ndani. Nilimweleza kwamba kamera haioni kupitia ukuta, inaona joto la ukuta wenyewe. Akasema basi ni kamera ya bure. Mchungaji mmoja naye aliuliza kama inaweza kuonyesha dhambi. Nilimwambia inaonyesha kiti kilichotoka kukaliwa na mtu ambaye hayupo tena, na hapo ushahidi unaanzia. Hakuniuliza tena.

Nawaambia haya ili mwelewe nilivyokuwa nimevimba kichwa. Watu walinyamaza nilipoinua kamera. Mameneja wenye tai waliegemea bega langu kutazama kioo kidogo. Nilianza kusema "kamera inasema" jinsi wengine wanavyosema "Maandiko yanasema".

Basi siku moja tuliitwa kiwanda cha samaki, kilekile nilichoanzia. Mzee Odera alikuwa bado yupo, imebaki miezi michache astaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akilalamika. Ungio la tatu kwenye kabati kuu lilikuwa limelainisha nta yake Jumamosi mbili mfululizo. Alikaza nati, nta ikalainika tena. Alisema ungio limeoza ndani na linahitaji kufunguliwa, kusuguliwa na kufungwa upya, kazi ya siku nzima bila stima. Meneja hakutaka kusimamisha kompresa siku nzima kwa ushahidi wa mshumaa. Akasema iitwe kamera, kamera ndiyo itaamua.

Nilipofika, Mzee alikuwa mlangoni na koti lililopigwa pasi upya.

"Nyar Awasi. Umekuwa mkubwa."

"Si mkubwa kwako, Mzee."

Alifungua kabati, na nikashika mdomo. Baa ambazo nilizijua zikiwa za kahawia, zenye kutu ya miaka, zilikuwa zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Jumapili, zile saa mbili ambazo stima huzimwa ili sakafu ioshwe, Mzee alikuwa amepiga magoti akazisugua zote kwa ndimu na majivu.

"Mgeni akikuja, nyumba inafagiwa," akasema. "Na huyu si mgeni, ni mtoto wangu. Sikutaka wakuone kama ulifundishwa mahali chafu."

Nilifurahi sana, lazima niseme. Niliinua kamera. Meneja aliegemea bega la kulia, msaidizi wake la kushoto. Kompresa zote zilikuwa zinafanya kazi, mzigo kamili, kama inavyotakiwa. Kwenye kioo, baa zote zilikuwa bluu. Ya kwanza bluu, ya pili bluu, ya tatu bluu, tulivu kama ziwa asubuhi. Nikapiga picha.

"Zote ziko sawa," nikasema.

"Hapana," akasema Mzee. "Ya tatu si mzuri. Hii picha yako inasema baridi, nta yangu inasema moto. Nipee dakika moja nilete fito."

"Hakuna haja, Mzee. Kamera iko na macho maelfu. Mshumaa uko na mangapi?"

Meneja alicheka. Msaidizi alicheka. Mzee naye alicheka, kwa heshima, kama mtu anayecheka kwenye harusi ya binti yake. Fito halikuletwa. Nilitia sahihi ripoti pale pale juu ya kabati, na ombi lake la kuzima stima likakataliwa.

Wiki mbili baadaye ungio la tatu liliungua. Lilitoa mlipuko mmoja na moshi mweusi, shaba ikayeyuka, kabati lote likafa. Jenereta lilikuwepo, ila stima yake ilipita kwenye kabati hilohilo. Vyumba vya barafu vilianza kupata joto na mbuta tani kwa tani ndani. Wakataji walirudishwa nyumbani, na akina mama wa Manyatta waliokuwa wakija kila asubuhi kuchukua mgongo wazi, yale mabaki ya mifupa ya mbuta wanayokaanga na kuuza, walikuta geti limefungwa. Hakuna aliyeumia. Kwa hilo nilimshukuru Mungu kabla ya jambo lingine lolote.

Tukaitwa kikaoni. Mezani palikuwa na picha yangu, imechapishwa kwa rangi.

"Picha inaonyesha hii ungio ilikuwa baridi," meneja akasema. "Wiki mbili tu. Ungio haiwezi kuoza wiki mbili. Mzee, ulitaka kuifungua, tukakataa. Ufunguo ni wako peke yako. Uliifungua bila ruhusa, ukaifunga vibaya."

"Sijafungua," Mzee akasema. "Ilikuwa na moto kabla ya picha. Nilimwambia huyu."

Meneja akanigeukia. "Alikuambia?"

Ungio lenyewe lilikuwa limeyeyuka, hakuna tena cha kupima. Kilichobaki duniani kilikuwa neno la Mzee na picha yangu, na vyote viwili vilikuwa vinanitazama.

"Alisema," nikajibu, "lakini kamera haikuonyesha joto."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nimewahi kusema uongo maishani, na hakuna uongo ulioniaibisha kuliko sentensi ile ya kweli. Mzee aliweka ufunguo mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Meneja alisema barua ya kumfukuza itatiwa sahihi Jumatatu, na ndani itaandikwa sababu. Mtu ambaye hakuwa na ungio lililoungua maisha yake yote alikuwa anarudishwa Dunga kama mharibifu.

Sikulala vizuri siku hizo. Jumamosi nilikuwa jikoni kwangu na kamera, nikiomba iwe imeharibika. Nawaambia ukweli, niliomba. Kamera ikiwa mbovu, Mzee ni mkweli na mimi sina kosa. Chai ilikuwa inachemka kwenye sufuria, ile ninayoisugua kwa siwaya, ule waya wa kusugulia vyombo, mpaka mtu ajione, kama kila mwanamke anayejiheshimu pande zetu. Nikaielekeza kamera. Ikaonyesha sufuria baridi, bluu, sawa na ukuta. Nikapiga kelele ya furaha. Mbovu!

Ndipo nikaona chini. Kitako cha sufuria, pale penye masizi ya jiko, kilikuwa cheupe kwa moto. Na kwenye ubavu ule wa bluu kulikuwa na umbo jepesi la kijani. Nilisogeza kichwa, nalo likasogea. Nilikuwa ninajitazama.

Nikachukua tepu nyeusi kutoka mfuko wa kazi, nikabandika kipande kidogo ubavuni mwa sufuria. Nikasubiri kidogo, nikainua kamera tena. Kipande kile kikawaka cheupe katikati ya bluu, kama dirisha la nyumba yenye taa.

Wanangu, hapa ndipo maelekezo yalipo. Kitu kilichofifia, chenye masizi, kutu au rangi, hutoa joto lake kwa uaminifu. Chuma kilichong'arishwa hulibana joto lake ndani na kukurudishia joto la vitu vilivyo mbele yake: ukuta, dari, uso wako. Kamera haikuwa mbovu. Ilikuwa imenionyesha chumba cha swichi kikijitazama kwenye kioo cha shaba. Kijitabu chake kilikuwa na sura nzima kuhusu jambo hilo. Mimi nilikuwa nimesoma sura ya betri na ile ya dhamana.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa Bwana Njoroge na kumwambia ninaandika ripoti ya pili, inayosema kwamba ya kwanza ni ya uongo na kosa ni langu. Alizungusha kikombe chake mezani.

"Ukiandika hivyo, nani atatuita tena?"

"Sijui."

"Na usipoandika?"

"Mzee Odera ataondoka kama mwizi."

Alisukuma kikombe kando. "Andika," akasema. "Lakini andika vizuri, isomeke. Kama tunaanguka, tuanguke na lugha safi."

Jumatatu asubuhi niliingia kwa meneja na sufuria imefungwa kwenye leso. Nilichemsha maji kwa birika lake, nikamimina sufuriani, nikamwekea kamera mbele.

"Inasema nini?"

"Baridi."

"Gusa basi."

Aligusa. Sitaandika alichosema, alikuwa mzee wa kanisa. Nilibandika tepu, nikamwonyesha tena, kisha nikampa ripoti. Aliisoma mara mbili akipuliza kidole. Ile barua nyingine ilikuwa juu ya meza yake, imechapwa, inasubiri kalamu. Aliipasua mwenyewe.

Kutoka pale nilikwenda Dunga. Mke wa Mzee, Mama Atieno, alinikaribisha kwa sauti ya chini kama nyumba ina mgonjwa. Mzee alikuwa sebuleni, amefungua redio mezani, ingawa nilivyoona redio haikuwa na ubovu wowote. Nilimweleza kila kitu: sufuria, masizi, tepu, barua iliyopasuliwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo," akasema, "kama ningeacha ile uchafu, ungeona."

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima. Alikuwa amezisugua kwa ajili yangu, kwa magoti yale ya uzee.

"Ndiyo, Mzee. Ningeona."

Alirudisha skrubu moja mahali pake.

"Na kama ungenisikiza?"

Machozi yalinitoka nikiwa mtu mzima mwenye watoto wa sekondari. Sikulia kwa sababu ya shaba. Ndimu na majivu vilikuwa vimeipofusha kamera, lakini masikio yangu hayakuwa yamesuguliwa na mtu. Aliniambia kwa mdomo wake, akaomba dakika moja, nikamnyima mbele ya watu, wakamcheka.

"Nisamehe, baba," nikasema.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mama Atieno, leta chakula, huyu ametoka mbali." Kutoka mjini hadi Dunga si mbali, nyote mnajua. Nilikula ugali na samaki wa ngege, na aliponiona nimemaliza akaniongezea mchuzi kwa mkono wake.

Alirudi kazini wiki iliyofuata, akapewa ufunguo. Kabati lilijengwa upya na maungio yote yakapakwa rangi nyeusi iliyofifia, kama mnavyofanya ninyi sasa bila kujua ilikotoka. Wateja wawili walituacha. Waliobaki walitaka kujua hasa ni kampuni gani hiyo inayojishtaki yenyewe.

Ukaguzi uliofuata pale kiwandani ulikuwa wa mwisho kabla Mzee hajastaafu. Kamera niliiacha ndani ya sanduku, sanduku limefungwa. Nilivuta kiti, nikatoa karatasi, nikamwomba anieleze kabati lake. Alizungumza karibu saa nzima, ungio kwa ungio, na meneja alipochungulia mlangoni niliinua mkono asubiri. Kisha ndipo nikapiga picha. Ripoti niliiandika jioni hiyo, maneno yake juu, picha zangu chini, na kwenye mstari wa kwanza jina lake kamili. Ile fomu mnayoilalamikia kwamba ina nafasi kubwa tupu juu, isiyo na kazi, ni hiyo. Msithubutu kuipunguza.

Nilimpelekea nakala. Alivaa miwani, akasoma jina lake, akakaa nalo kidogo. Akaendelea kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Hapa umeandika ungio la nne ni gonjwa."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi sikusema gonjwa. Nilisema limechoka. Badilisha."

Nikabadilisha.